Sarufi Haijapata Kuiangusha Lugha

Kuna dai lililozagaa miongoni mwa watu wanaofundisha lugha na wanaoandika kuzihusu, nalo husemwa kwa uhakika kana kwamba lilishathibitishwa zamani: kwamba Kiindonesia kimefika kilipofika kwa kuwa ni lugha rahisi, na Kipashto kimebaki nyuma kwa kuwa ni lugha ngumu. Ukiwauliza ushahidi, wanakuorodheshea sarufi. Kiindonesia hakina jinsia za nomino, kitenzi chake hakibadiliki kwa nafsi wala kwa njeo, na herufi zake ni hizihizi za Kilatini tunazozitumia sote. Kipashto kina nomino za kike na za kiume, kitenzi chake cha wakati uliopita kinawatoa watu jasho, na maandishi yake yana herufi ambazo Mwarabu hazijui na Mwajemi hazijui. Mjadala wanaufunga hapo: lugha ya kwanza iliumbwa iunganishe maelfu ya visiwa, ya pili iliumbwa ibaki milimani na wenyewe.

Nalipinga dai hili tangu mzizi wake. Kiindonesia si rahisi kwa namna inavyosemwa. Kipashto si kigumu kwa namna inavyosemwa. Na hata kama yote mawili yangekuwa kweli, bado yasingetueleza kwa nini lugha moja leo inafundisha fizikia katika vyuo vikuu na nyingine inahangaika kupata kitabu cha darasa la nne. Nalipinga kwa ukali kwa sababu dai lenyewe lina madhara. Linawapa watawala kisingizio kilichofungwa vizuri: serikali iliyoshindwa kuwaandikia watoto vitabu kwa lugha yao inasema lugha ndiyo yenye kasoro, na watu wanaitikia.

Chanzo kimoja cha dai hili kinajulikana. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachowaandaa mabalozi na maofisa wake, kimezigawa lugha za dunia katika makundi kwa kuangalia muda ambao wanafunzi wake huhitaji darasani. Kiindonesia kimewekwa kundi moja na Kimalay na Kiswahili chetu: takriban wiki 36. Kipashto kiko kundi linalofuata: wiki 44. Orodha hiyo imenakiliwa kila mahali, na kila inaponakiliwa huachwa nyuma lile jambo la msingi, kwamba inampima mwanafunzi aliyekulia katika Kiingereza. Haimpimi Mturuki, haimpimi Mchagga, wala haimpimi mtoto wa Kandahar ambaye akiwa na miaka minne anakisema Kipashto kama alivyokikuta kwa bibi yake.

Tuikubali hata hivyo, kisha tuisome vizuri. Tofauti kati ya lugha hizi mbili ni wiki nane. Nani yuko tayari kusimama mbele ya watu aseme kwamba wiki nane za darasani ndizo zilizoamua hatima ya lugha mbili za mamilioni ya watu? Na kuna jambo zito zaidi ndani ya orodha ileile. Katika kundi hilohilo la wiki 44 wamo Kiajemi na Kiurdu. Kiajemi, ambacho Afghanistan hukiita Dari, ndicho kilichokizidi nguvu Kipashto katika ofisi za Kabul. Kiurdu ndicho kilichokizidi nguvu katika madarasa ya Peshawar, Pakistan. Aliyeshindwa na waliomshinda wamepangwa ngazi moja ya ugumu na orodha ambayo wenye dai wanaitegemea. Hapo hoja ya ugumu imeanguka kwa ushahidi wa shahidi wake mwenyewe.

Sasa sarufi zenyewe, maana ndiko wanakojificha.

Mtu anayesema Kiindonesia hakina sarufi amekisoma wiki mbili akaacha. Chukua mzizi *ajar*. *Mengajar* ni kufundisha, *belajar* ni kujifunza, *mempelajari* ni kukisoma kitu kwa undani, *mengajarkan* ni kufundisha somo fulani. *Pengajar* ni mwalimu, *pelajar* ni mwanafunzi, *pelajaran* ni somo, *ajaran* ni fundisho la dini au la itikadi, *terpelajar* ni mtu aliyeelimika. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Ndivyo tunavyofanya sisi tunapotoka kwenye *funda* tukapata fundisha, jifunza, mwanafunzi, mafunzo na ufundishaji. Mfumo wa viambishi kama huu hauwi rahisi kwa sababu tu kitenzi hakionyeshi jana na kesho.

Na viambishi hivyo vina hila zake. Kiambishi *me-* kikikutana na *tulis*, andika, sauti ya T inamezwa tunapata *menulis*. Kikikutana na *pukul*, piga, P inatoweka tunapata *memukul*. *Sapu*, fagia, inakuwa *menyapu*; *kirim*, tuma, inakuwa *mengirim*. Lakini *baca*, soma, inakuwa *membaca*, na B inabaki mahali pake. Matokeo yake mgeni anayeliona neno *menyapu* gazetini na kutaka kulitafuta kwenye kamusi hana budi kwanza kujua kwamba limefichwa chini ya S. Ongeza hapo *kami* na *kita*, ambazo kwetu zote ni "sisi", ila ya kwanza inamwacha nje unayezungumza naye na ya pili inamjumuisha. Ukizikosea unaweza kumtenga mwenyeji wako mezani kwake. Ongeza kwamba lugha ya kitabuni na lugha ya mitaa ya Jakarta zimeachana mbali, kiasi kwamba mwanafunzi aliyefaulu mtihani kwa *saya* na *tidak* anashuka kwenye basi anakuta watu wanasema *gue* na *nggak*. Kiindonesia ni rahisi kukianza. Kukimiliki ni kazi ya miaka, kama lugha nyingine yoyote ya watu wazima wenye mahakama, magazeti na fasihi.

Kwa upande wa Kipashto, kinachotajwa kwanza ni jinsia. Nomino ni za kiume au za kike, na kivumishi hufuata. Mswahili aliyelelewa na ngeli, anayesema kitabu kizuri, miti mizuri, ukuta mzuri, maji mazuri bila kufikiri, atatishwaje na mafungu mawili? Kinachotajwa cha pili ndicho kweli kinachomsumbua mgeni: kitenzi cha wakati uliopita chenye yambwa. Wakati uliopo Mpashtuni husema *za dodai khwram*, ninakula mkate, na kitenzi kinamfuata mlaji. Akishakula, husema *ma dodai wukhwara*. Sasa "mimi" imebadilika umbo, na kitenzi kimemwacha mlaji kikaufuata mkate. Kina mwisho wa kike kwa sababu mkate ni wa kike. Angekula kitu cha kiume, mwisho ungebadilika. Ni utaratibu wenye mantiki yake, na sisi tunaosema "mkate nimeula" na "chakula nimekila", tukiipachika alama ya chakula ndani ya kitenzi, hatuko mbali nao kama anavyokuwa mbali Mwingereza.

Utaratibu huohuo, wa kitenzi kumwacha mtenda na kukifuata kitendwa katika tendo lililokwisha, umo pia ndani ya Kiurdu. Kiurdu nacho kina kike na kiume. Kiurdu nacho kinaandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyoongezewa herufi. Kila kosa linalobandikwa Kipashto, Kiurdu kinalo au kina ndugu yake. Na tazama: sensa ya Pakistan ya 2017 ilionyesha kuwa takriban asilimia 7 tu ya watu ndio wenye Kiurdu kama lugha ya kwanza, huku wenye Kipashto wakizidi asilimia 18. Lugha ya wachache, yenye sarufi ya kutisha ileile, imekuwa lugha ya taifa, ya shule, ya televisheni na ya mitihani ya nchi nzima. Lugha ya wengi waliozidi mara mbili na nusu imebaki ya nyumbani na sokoni. Wenye dai watuambie ni kanuni gani ya sarufi iliyofanya kazi hiyo. Hawataipata. Watakachokikuta ni uamuzi wa watawala wa Kiingereza waliokitumia Kiurdu shuleni na ofisini katika jimbo la mpakani mwa Afghanistan, na uamuzi wa taifa jipya la 1947 la kukishika hichohicho kama alama ya umoja wake.

Wala si kweli kwamba Kipashto hakifunziki kwa wasio wake. Katika bonde la Swat, wasemaji wa Kitorwali na Kigawri, lugha ndogo za milimani, hukitumia Kipashto wanaposhuka sokoni na wanapozungumza na majirani. Wakazi wa kale wa mji wa Peshawar wenye lugha ya Kihindko wanakijua. Masingasinga wa Khyber Pakhtunkhwa, watu wa dini nyingine kabisa, wanakisema kama lugha yao ya nyumbani. Hakuna serikali iliyowajengea watu hawa madarasa ya Kipashto. Walikihitaji, wakakijua.

Upande wa pili wa bahari kuna kisa ambacho wapenzi wa nadharia ya urahisi hawakipendi. Indonesia iliivamia Timor ya Mashariki mwaka 1975 ikaitawala hadi 1999. Katika miaka hiyo yote shule ziliendeshwa kwa Kiindonesia, na kizazi kizima kilisomeshwa kwa lugha hiyo. Kama urahisi ndio unaoshinda, huko ndiko ungepaswa kushinda kabisa. Timor-Leste ilipopata uhuru mwaka 2002, katiba yake ikatangaza lugha rasmi mbili: Kitetum na Kireno. Kireno, chenye vitenzi vinavyogeuka kwa nafsi, kwa njeo na kwa dhamira mpaka mwanafunzi akate tamaa. Kiindonesia kikapewa nafasi ya lugha ya kazi tu, pamoja na Kiingereza. Watu waliomwaga damu chini ya bendera fulani hawapimi lugha yake kwa wepesi wa viambishi.

Basi Kiindonesia kilishindaje huko kwingine kote? Hapa inafaa tutulie, maana kisa chenyewe kina heshima kubwa kuliko hadithi ya urahisi inayokificha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye Kimalay kama lugha mama walikuwa sehemu ndogo ya watu wa visiwa vile vilivyotawaliwa na Uholanzi. Wajava walikaribia nusu ya watu wote. Kwa hesabu ya vichwa, lugha ya taifa ingekuwa Kijava, lugha yenye maandishi ya kale, majumba ya wafalme na fasihi ya karne nyingi. Lakini Kijava kina ngazi za heshima. Neno unalomwambia mdogo wako si neno unalomwambia mkubwa wako, na kila sentensi inamweka kila mtu mahali pake. Kimalay kilikuwa lugha ya bandari na biashara, ya wahubiri, ya karani wa Kiholanzi na ya magazeti. Mwaka 1907 Tirto Adhi Soerjo, yeye mwenyewe Mjava, alianzisha gazeti la *Medan Prijaji* kwa Kimalay. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ikaipa idara yake ya vitabu jina la Balai Pustaka, na idara hiyo ikasambaza vitabu vya bei nafuu na maktaba ndogo za shuleni. Waholanzi walifanya hivyo kwa faida yao, na lugha yao wenyewe waliwabania wananchi isipokuwa wachache. Faida waliyoitafuta iliwageukia.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana Batavia, Jakarta ya leo, wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Rasimu ya kiapo iliandikwa na Mohammad Yamin, Mminangkabau. Jina lenyewe la "lugha ya Indonesia" lilikuwa limetetewa miaka miwili kabla na Mohammad Tabrani, mwandishi wa habari kutoka Madura, alipolikataa jina la Kimalay. Wengi wa vijana wale walikisema Kiholanzi kwa ufasaha zaidi kuliko lugha waliyoiapia, na sehemu ya mazungumzo ya mkutano ule ilikuwa kwa Kiholanzi. Hawakuichagua kwa kuwa ilikuwa nyepesi vinywani mwao. Kwa baadhi yao haikuwa hivyo. Waliichagua kwa kuwa haikuwa ya kabila kubwa. Na Wajava, waliokuwa na idadi ya kuwalazimisha wengine wote, wakakubali. Ukarimu ule wa kisiasa haumo katika kitabu chochote cha sarufi, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya lugha hii.

Kisha ikaja kazi. Mkutano wa kwanza wa lugha ulifanyika Solo mwaka 1938. Wajapani walipoingia mwaka 1942 walikipiga marufuku Kiholanzi, na ghafla kila ofisi ikahitaji maneno ambayo hayakuwepo. Ikaundwa kamati ya istilahi mwaka huohuo, nayo ikazalisha maelfu. Katiba ya 1945 ikakiweka Kiindonesia katika kifungu cha 36. Sutan Takdir Alisjahbana akaandika sarufi mpya. Mwaka 1972 tahajia ikarekebishwa kwa makubaliano na Malaysia. Na katikati ya miaka ya 1970, kwa fedha za mafuta, serikali ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 katika muda wa miaka mitano au sita.

Ukitaka kujua kilichokieneza Kiindonesia, shika sensa mbili. Mwaka 1980 takriban asilimia 61 ya watu walikuwa wanakijua. Mwaka 1990 walikuwa takriban asilimia 83. Katika miaka kumi ile sarufi haikulegezwa hata kiambishi kimoja. Kilichotokea ni kwamba watoto wa zile shule walikua.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Indonesia ina lugha zaidi ya 700, na nyingi kati ya hizo zinanyauka kwa sababu shule ileile iliyowapa watoto lugha ya taifa haikuwaachia nafasi ya lugha ya nyumbani. Huo ni upotevu, na wale wanaousifu ushindi wa lugha moja wanapaswa kuutaja. Lakini upotevu huo nao ni kazi ya sera, na sera hubadilishwa na watu walioitunga.

Kipashto hakikukosa wapenzi wala hakikukosa vipaji. Khushal Khan Khattak, aliyefariki mwaka 1689, alikitungia mashairi ya vita na ya mapenzi na kukiandikia nathari, hata utungo mzima kuhusu mwewe wa kuwindia. Na chini ya washairi wakubwa kuna bahari ya *landay*, tungo za mistari miwili, wa kwanza wa mizani 9 na wa pili wa mizani 13, ukiishia kwa sauti *ma* au *na*. Watunzi wake wengi ni wanawake wasiojulikana majina, na wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Wanaimba kwa tungo hizo kuhusu mume aliyesafiri, mpenzi mwoga, vita, mahari, uzee wa bwana waliyepewa bila kuulizwa. Sisi wa vina na mizani tunajua ugumu wa kufunga jambo zima ndani ya mizani 22. Wamalay wana *pantun* yao ya mistari minne, miwili ya kwanza ikitega na miwili ya mwisho ikifungua, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020 kama urithi wa Indonesia na Malaysia. Weka landay kando ya pantun, kisha uniambie ni ipi kati ya hizo ni kazi ya lugha isiyoweza kubeba fikra. Dhihaka ya kale inayokiita Kipashto lugha ya motoni ni matusi ya majirani, na aibu ni kwamba wasomi wa kigeni wameivisha koti la kitaalamu wakaiita "ugumu".

Mwaka uleule wa 1928 vijana walipokuwa wakiapa Batavia, Abdul Ghaffar Khan alianzisha jarida la *Pakhtun* katika jimbo la mpakani chini ya Waingereza. Alikuwa ameshaanzisha shule kijijini kwake Utmanzai mwaka 1921, akiamini kwamba watu wake watainuka wakisoma kwa lugha yao. Huyu ni mtu wa kiasi kilekile na Yamin na Tabrani. Jarida lake lilifungwa mara kwa mara, naye akafungwa zaidi ya jarida. Pakistan ilipozaliwa, chama chake cha Khudai Khidmatgar kilipigwa marufuku mwaka 1948, na serikali mpya ikaendelea kumfunga kama ile ya zamani. Wapashtuni wenyewe walikuwa wameshakatwa vipande viwili tangu mwaka 1893 na mstari wa Durand, upande mmoja ukitawaliwa kutoka Kabul na mwingine na Waingereza. Lugha iliyogawanywa na mpaka, ikafungiwa magazeti na kuwekewa viongozi wake gerezani, haihitaji kuchunguzwa vitenzi vyake ili ijulikane kwa nini imechelewa.

Huko Afghanistan mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na ndiyo yenye funzo chungu zaidi. Wafalme walikuwa Wapashtuni tangu Ahmad Shah Durrani mwaka 1747, ila ikulu yao ilizungumza na kuandika Kiajemi. Mwaka 1936 amri ya kifalme ikakitangaza Kipashto kuwa lugha rasmi, na mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya lugha, Pashto Tolana. Makarani wa Kabul, watu waliozeeka na Kiajemi, wakaamriwa kuhudhuria masomo. Watoto wa miji ya Kiajemi wakajikuta wanafundishwa na walimu ambao wenyewe hawakukijua Kipashto vizuri. Vitabu vilikuwa haba, shule zenyewe haba, na familia ya kifalme iliyotoa amri iliendelea na Kiajemi chake mezani. Kufika katikati ya miaka ya 1940 mpango wa kuifundisha nchi nzima kwa Kipashto ulikuwa umerudishwa nyuma. Katiba ya 1964 ikakiri lugha rasmi mbili.

Linganisha hapo na Batavia. Kimalay kilikuwa lugha isiyo na mwenyewe mkubwa, kikachaguliwa na wale walioweza kukikataa. Kipashto kilikuwa lugha ya kabila la mfalme, kikaamriwa juu ya wale wasioweza kukataa, na mfalme mwenyewe hakukitumia. Badilisha sarufi za lugha hizo mbili, ipe ile ya kwanza kike na kiume na ile ya pili viambishi visivyo na njeo, matokeo yangekuwa yaleyale.

Wale ambao bado wanadai Kipashto hakiwezi kazi ya elimu waende Jalalabad. Chuo Kikuu cha Nangarhar, kilichoanza mwaka 1963, hufundisha udaktari kwa Kipashto, na vitabu vya tiba kwa lugha hiyo vimechapishwa. Daktari anayemweleza mgonjwa wake figo na ini kwa lugha aliyosomea ni jibu tosha kwa mtu yeyote aliyeketi Ulaya akipanga lugha kwa madaraja.

Tangu Agosti 2021 watawala wa Kabul ni watu ambao wengi wao Kipashto ndicho lugha ya mama zao. Kama lugha ingepanda kwa kuwa na mwenyewe madarakani, sasa ndio wakati wake. Hao ndio waliowafungia wasichana masomo baada ya darasa la sita, na Desemba 2022 wakawafungia vyuo vikuu. Lugha ambayo hazina yake kubwa ya mashairi imetungwa na wanawake imewanyima wanawake kalamu, kwa amri ya wasemaji wake. Nimekasirishwa na jambo hili kuliko jingine lolote katika makala haya, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akija kesho na jedwali la kuonyesha Kipashto kimedorora kwa sababu ya herufi zake, atakuwa anawafichia waovu uovu wao.

Kwetu Afrika Mashariki dai hili lina mwangwi wake. Tumesikia mara ngapi kwamba Kiswahili kilienea Tanzania kwa sababu ni rahisi? Kina ngeli ambazo zingemtoa Mpashtuni machozi. Kilienea kwa sababu kilikuwa lugha ya njia za biashara, kwa sababu kilisanifiwa kuanzia mwaka 1930, kwa sababu TANU ilihutubia kwa Kiswahili, kwa sababu shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili na BAKITA iliundwa mwaka 1967, na kwa sababu Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote, hawakudai Kisukuma kiwe lugha ya taifa. Kisa kile cha Wajava tunakijua kwa ndani. Tulichoshindwa kukifanya, wenzetu wa Jakarta walikifanya: wao walipanda na lugha yao hadi chuo kikuu, sisi tuliishusha kwenye mlango wa sekondari.

Ombi langu kwa walimu na wahariri ni kwamba mkiandika tena kuhusu Kipashto, andikeni mpaka wa 1893, magazeti yaliyofungwa, amri ya 1936 iliyotolewa bila vitabu, na milango ya shule iliyofungwa mwaka 2021. Mkiandika kuhusu Kiindonesia, andikeni kiapo cha 1928 na zile shule 61,000. Na ninyi mnaotunga mitaala ya sekondari hapa nyumbani, msituambie tena kwamba Kiswahili hakijawa tayari kufundisha kemia. Tuambieni ni nani aliyekataa kuvichapisha vitabu, na kwa nini.